Klorini ya maji au ya unga? Uzi wa wenye mabwawa ya kuogelea Dodoma

#1 FundiBwawa_Dom

Wakuu, habari za jioni.

Msimu wa upepo umeingia, vumbi halichagui Kisasa wala Nkuhungu, na kila ninakopigiwa simu swali ni moja: ninunue klorini ya maji ya kwenye dumu, au ile ya unga ya kwenye ndoo? Nimeona niandike mara moja kwa kirefu, kwa sababu majibu mengi ninayosikia yanatoka kwa wauzaji, na muuzaji hukushauri kile alichonacho dukani.

Kwanza tuelewane. Klorini inayoua vijidudu ni ile ile, iwe imetoka kwenye dumu au kwenye ndoo. Ikishaingia bwawani haijui ilikotoka. Tofauti ipo kwenye vitu inavyokuja navyo na kuviacha ndani ya maji. Hapo ndipo Dodoma inapotofautiana na Dar au Arusha, na ndiyo maana ushauri wa fundi wa Masaki huwezi kuuchukua ulivyo ukauleta Ilazo.

Klorini ya maji ni sodiamu haipokloraiti. Ya viwandani huja na nguvu ya asilimia 10 hadi 12 hivi, na Jik ya dukani ni ndugu yake mdogo, karibu asilimia 3.5. Ikishafanya kazi inaacha chumvi ya kawaida.

Klorini ya unga, ambayo wengi tunaiita HTH hata kama ndoo ina jina jingine, ni kalsiamu haipokloraiti, asilimia 65 hadi 70. Hii inaacha kalsiamu, yaani chokaa.

Sasa angalieni birika zenu za chai. Ule ukoko mweupe ndani ni chokaa iliyokuja na maji ya visima. Maji ya mji huu kwa sehemu kubwa yanatoka ardhini, bonde la Makutupora, na wenye visima binafsi wanajua zaidi: sabuni haitoi povu, vichwa vya bafu vinaziba. Kwa hiyo bwawa la Dodoma linaanza maisha likiwa tayari na ugumu (chokaa iliyoyeyuka majini) wa kutosha. Halafu jua na upepo vinakausha maji kila siku, unaongeza mengine kutoka kisima kile kile. Maji yanaruka, chokaa inabaki. Juu ya hapo unamimina unga wa kalsiamu kila jioni.

Hesabu yake iko hivi. Kila miligramu 1 ya klorini kwa lita unayoongeza kwa unga huo inaleta takriban miligramu 0.7 za ugumu. Bwawa la nje linalokula miligramu 2 kwa lita kwa siku litapata ugumu wa takriban 42 kwa mwezi, na kwa mwaka mzima usipobadili maji unakaribia 500. Hiyo ni nyongeza tu, bado hujahesabu ulichoanza nacho kutoka kisimani. Matokeo yake ni mstari mweupe kwenye vigae unaokwangua hadi mkono unauma, maji yenye ukungu usioisha, mchanga wa filta unaogandana kama zege, na kwenye mapampu yenye hita ndiyo balaa kabisa.

Kwa hiyo msimamo wangu kwa hapa kwetu: matumizi ya kila siku, klorini ya maji, ila tu kama unaipata ikiwa bado mpya. Unga uwepo stoo kwa ajili ya kupiga shoku (kuongeza klorini nyingi kwa mpigo mmoja) na dharura. Na unga usio na lebo usiingie getini kwako kabisa.

Sehemu ya lebo nitairudia maana ndiyo inayoumiza watu. Ulizeni maswali, nitajibu kadiri nitakavyoweza.

#2 Kijana_wa_Ilazo

Mkuu nimekusoma, ila tupe vipimo. Bosi ana bwawa la mita 10 kwa 5, kina kifupi mita 1.2 na kirefu mita 1.8. Mimi huwa namwaga kwa macho tu.

#3 FundiBwawa_Dom

Kijana, wastani wa kina ni 1.5. Zidisha 10 × 5 × 1.5, unapata mita za ujazo 75, yaani lita 75,000. Kupandisha klorini kwa miligramu 2 kwa lita unahitaji gramu 150 za klorini yenyewe. Hizo ni:

– klorini ya maji ya asilimia 12: lita 1 na robo
– unga wa asilimia 65: gramu 230 hivi
– Jik ya asilimia 3.5: lita 4 na kidogo

Ukitaka kupiga shoku hadi 10, zidisha kwa tano: lita 6 na robo za maji, au kilo 1 na gramu 150 za unga. Kwa Jik ungebeba zaidi ya lita 20, umalize rafu nzima ya duka.

Acha kumwaga kwa macho. Nunua mzani wa jikoni na jagi lenye alama za mililita, uviweke stoo ya bwawa na visirudi jikoni tena.

#4 FundiPampu

Naheshimu uzi huu lakini napinga sehemu moja, na napinga kwa nguvu. Mkuu unasema klorini ya maji "ikiwa mpya". Upya huo uko wapi Dodoma? Dumu limetoka kiwandani Dar, limekaa godauni, limesafiri kilomita 450 juu ya roli chini ya turubai, limefika hapa likapangwa nje ya duka juani. Unalipa bei ya asilimia 12, unapewa asilimia 7. Nimeshaona bwawa linamiminiwa dumu baada ya dumu na bado kijani kibichi kama mchicha.

Unga ukifungwa vizuri unakaa mwaka na bado una nguvu. Mimi wateja wangu wote nawawekea unga, na mabwawa yao yanang'aa. Chokaa inadhibitiwa kwa asidi.

#5 FundiBwawa_Dom

FundiPampu, hoja yako ni nzito na ninakubaliana na nusu yake, ndiyo maana niliweka lile sharti la upya. Klorini ya maji inaoza yenyewe hata ikiwa imefungwa. Joto likipanda nyuzi 10 kasi ya kuoza inaongezeka mara tatu na zaidi, na kadiri ilivyo kali ndivyo inavyojimaliza haraka. Dumu la asilimia 12 linashuka kwa kasi kuliko la asilimia 6. Kwa hiyo dumu lililokaa juani Novemba, joto likiwa nyuzi 31, ni pesa inayoyeyuka.

Lakini dawa ya tatizo hilo ni kulipima dumu kabla ya kununua jingi. Njia ninayotumia ni rahisi na kila mtu mwenye kipimo cha matone au vidonge vya DPD, vile vinavyogeuza maji kuwa ya waridi, anaiweza:

Chukua ndoo ya lita 20 ya maji yasiyo na klorini. Yapime kwanza uhakikishe yanasoma sifuri. Vuta nusu mililita ya klorini ya dumu kwa bomba la sindano lile dogo la mililita 1, weka kwenye ndoo, koroga vizuri, pima. Namba unayosoma zidisha kwa 4, ndiyo asilimia ya dumu lako. Ukisoma 3 una asilimia 12. Ukisoma 2 una 8. Ukisoma 1 mrudishie mwenyewe dumu lake.

Si kipimo cha maabara, lakini kinatosha kukuambia kama unauziwa klorini au maji ya chumvi.

Na kuhusu bei, tusilinganishe dumu na ndoo kwa macho. Linganisheni gramu. Dumu la lita 20 la asilimia 12 lina gramu 2,400 za klorini. Ndoo ya kilo 10 ya asilimia 65 ina gramu 6,500. Kwa hiyo ndoo moja ni sawa na madumu karibu matatu mapya. Kama bei ya ndoo ni bei ya madumu matatu, ngoma droo. Lakini kama dumu limeshashuka hadi asilimia 8, lina gramu 1,600 tu, na ndoo moja inakuwa sawa na madumu manne. Hapo FundiPampu ana haki, nunua unga.

Sikubaliani nawe kwenye asidi tu. Asidi inashusha pH (kipimo cha uchachu wa maji) na inasaidia chokaa isigande kwenye vigae, lakini haiondoi kalsiamu majini. Kalsiamu inaendelea kujazana kimya kimya hadi siku pH ikiteleza kidogo tu, yote inashuka kwa mkupuo. Kuiondoa ni kumwaga maji, na maji ya Dodoma sote tunajua bei ya boza.

#6 Mama_Lodge

Habari zenu. Kaka zangu mimi si fundi, nina lodge yenye bwawa dogo upande wa Njedengwa. Wageni wanalalamika macho yanawasha na harufu ya klorini ni kali, hasa Jumapili jioni. Kijana wangu akisikia hivyo anapunguza klorini. Naona tatizo linazidi badala ya kupungua. Anatumia unga mweupe wa chenga, unayeyuka haraka na maji hayawi na ukungu. Nimuambie ahamie ya maji?

#7 FundiBwawa_Dom

Karibu sana dada. Umegusa mambo mawili na yote ni makubwa.

La harufu: bwawa lenye klorini safi ya kutosha halinuki. Ile harufu kali ni klorini iliyokwishaungana na jasho, mkojo na mafuta ya mwilini, ikageuka kuwa kloramini. Hiyo ndiyo inayowasha macho. Jumapili jioni bwawa limebeba watu wa wikiendi nzima, klorini imezidiwa. Kijana akipunguza, anaongeza tatizo. Inatakiwa apandishe, usiku, watu wakiwa wametoka: pima klorini huru (ambayo bado haijaungana na kitu) na klorini jumla, tofauti yake ndiyo kloramini, halafu ongeza klorini kama mara kumi ya tofauti hiyo kwa mpigo mmoja. Na wageni waoge kabla ya kuingia. Bango peke yake halitoshi, weka bomba la mvua lenye maji karibu na bwawa.

La unga: "unayeyuka haraka na maji hayawi na ukungu". Hapa nakuomba uende stoo ukasome ndoo. Unga wa kalsiamu kwa kawaida unaacha ukungu na mashapo meupe chini ya ndoo. Huo wako kuna uwezekano mkubwa ni diklo, aina nyingine ya klorini ya unga, asilimia 56 au zaidi kidogo. Kama lebo imeandikwa sodiamu dikloro-isosayanurate au kitu cha kufanana na hicho, ndiyo wenyewe.

#8 Mama_Lodge

Nimesoma, ni hiyo hiyo uliyoitaja. Je, ni mbaya?

#9 MwanaKemia

FundiBwawa naomba nimjibu dada hapa, maana hili ndilo somo langu.

Dada, diklo si mbaya, ila ina mzigo wake. Inakuja na asidi ya sayanuriki, ile ambayo mafundi wanaiita stabilaiza. Kazi yake ni kuikinga klorini na jua. Bila stabilaiza, jua la hapa likiwa utosini linamaliza sehemu kubwa ya klorini ya bwawa ndani ya saa mbili tatu. Kwa hiyo stabilaiza kidogo unaihitaji, miligramu 30 hadi 50 kwa lita.

Shida ni kwamba haikauki, haiozi kwa haraka, wala filta haiitoi. Kila miligramu 1 ya klorini inayotoka kwenye diklo inaacha miligramu 0.9 za stabilaiza. Ukitumia miligramu 2 kila siku, mwezi mmoja umeweka 54. Mwezi wa pili umevuka 100. Na kadiri stabilaiza inavyopanda ndivyo inavyoishikilia klorini isifanye kazi. Kipimo kinaonyesha klorini ipo, lakini mwani unaota, maji yanakuwa mazito, na kijana anapigwa na butwaa. Kanuni inayofanya kazi vizuri: klorini huru isishuke chini ya asilimia 7 na nusu ya stabilaiza yako. Stabilaiza ikiwa 40, klorini 3. Ikiwa 120, unahitaji 9 kila siku, na hakuna mwenye lodge anayeweza kuishi hivyo.

Vile vidonge vikubwa vya asilimia 90 vya kuweka kwenye skima (tundu la ukutani linalovuta uchafu wa juu ya maji), triklo, navyo ni ukoo huo huo. Vinaacha 0.6, na vinashusha pH kwa sababu ni asidi kali.

Pima stabilaiza kabla hujabadili chochote.

#10 FundiBwawa_Dom

Asante MwanaKemia, umeweka vizuri kuliko ambavyo ningeweza.

Ndiyo maana dada nikisema klorini ya maji kwa Dodoma sisemi kwa ushabiki. Diklo inakuachia stabilaiza, unga wa kalsiamu unakuachia chokaa, ya maji inakuachia chumvi: takriban 1.65 kwa kila miligramu 1 ya klorini. Kwa mwaka mzima wa miligramu 2 kwa siku, chumvi inapanda kama 1,200. Inasikika nyingi, lakini mabwawa yanayojitengenezea klorini kwa mashine ya chumvi yanaendeshwa kwenye 3,000 hivi na watu wanaogelea bila kugundua. Katika mizigo mitatu, chumvi ndiyo inayovumilika zaidi kwa maji yetu. Sisemi haina madhara kabisa. Ngazi za chuma cha bei nafuu zitapata kutu mapema, na ukifika juu sana utamwaga maji tu.

Dada, fanya hivi: pima stabilaiza. Ikiwa kati ya 30 na 50, acha diklo leo, hamia ya maji, na hutahitaji stabilaiza nyingine kwa muda mrefu kwa sababu umeshaiweka bila kujua. Ikiwa 100, itabidi utoe nusu ya maji. Kwa bwawa la lita 75,000 hiyo ni maboza karibu manne ya lita 10,000, ndiyo maana nawaomba watu wapime mapema. Na maji ukiyatoa yaache kwanza siku kadhaa juani bila kuongeza klorini, upime isome sifuri, ndipo uyamwage. Usimwagie bustani ya mboga, chumvi itaikausha.

#11 Mzee_wa_Makole

Vijana wangu, sisi zamani tulikuwa tunatumia shabu maji yakichafuka na mrututu mwani ukiota. Klorini ilikuwa kidogo sana. Hivi hivyo vitu mmeviacha?

#12 FundiBwawa_Dom

Shikamoo mzee wangu. Hatujaviacha. Shabu bado tunaitumia, hasa baada ya vumbi zito: inashika udongo mwembamba unaopita kwenye mchanga wa filta, unashuka chini, asubuhi unauvuta kwa bomba ukiupeleka nje moja kwa moja usipite kwenye filta. Ila inashusha pH, ni lazima kupima baada yake. Mrututu unaua mwani kweli, lakini ni shaba, ukizidi unaacha madoa kwenye plasta na nywele za watu weupe zinageuka kijani. Na wote wawili hawachukui nafasi ya klorini. Maji yanaweza kung'aa kama kioo na yakawa na vijidudu vya kuharisha tele.

#13 Mzee_wa_Makole

Marahaba mwanangu. Hilo la mwisho litilie mkazo, watu wanadhani maji meupe ndiyo maji safi.

#14 Mtumishi_Nala

Bwana asifiwe wapendwa. Kanisani tuna kisima cha ubatizo, mita 3 kwa 2, maji ya mita moja. Kiko ndani ya jengo, jua halifiki. Tunakitumia mara chache. Nasi tununue dumu?

#15 FundiBwawa_Dom

Amina mtumishi. Hapana, dumu kwenu ni hasara, litaoza kabla hamjafika robo. Kisima chenu ni lita 6,000. Miligramu 2 kwa lita ni gramu 12 tu za klorini, sawa na theluthi moja ya lita ya Jik ya kawaida. Hakikisha ni ile isiyo na manukato wala sabuni, isiyo nzito kama uji, na angalia tarehe. Kwa kuwa jua halifiki, stabilaiza hamhitaji. Mimina jioni ya kuamkia ubatizo, koroga, na asubuhi mpime kabla mchungaji hajashuka majini. Kama kisima hakina pampu wala filta, mkimaliza mwageni maji yote, msiyatunze hadi ubatizo mwingine.

#16 Kijana_wa_Ilazo

Wakuu, bosi ameagiza ndoo ya unga na madumu mawili vyote kwa pamoja, atumiwe kwa basi kutoka Dar. Nikichanganya unga na ya maji kwenye ndoo moja si nguvu inazidi?

#17 FundiBwawa_Dom

KIJANA USIFANYE HIVYO. Naandika kwa herufi kubwa makusudi, na wengine wote msome hapa.

Usichanganye aina mbili za klorini nje ya bwawa, kamwe. Unga wa kalsiamu ukikutana na diklo au triklo, hata mabaki tu kwenye kopo la kupimia, vinaweza kushika moto au kulipuka. Kila aina iwe na kopo lake na ndoo yake, vioshwe na kukauka. Kuchanganya unga na klorini ya maji hakuna faida yoyote na kuna hatari ya moto na gesi. Ukitaka kutumia vyote, kimoja kiingie bwawani leo jioni, kingine kesho. Ndani ya lita 75,000 hakuna neno; ndani ya ndoo ni ajali.

Usichanganye klorini yoyote na asidi. Inatoka gesi ya klorini, na gesi hiyo inaua. Asidi ikiingia bwawani asubuhi, klorini iingie jioni. Stoo moja, kuta mbili tofauti, na madumu ya maji yasiwekwe kwenye rafu juu ya unga, maana dumu likivuja ni juu ya ndoo.

Unga unawekwa kwenye maji. Maji hayamwagwi kwenye unga. Jaza ndoo maji safi kwanza, ndipo unyunyize unga kidogo kidogo ukikoroga kwa fimbo ya plastiki. Uache utulie, mimina maji ya juu bwawani, mashapo yabaki.

Unga huo haupendi mafuta, grisi, karatasi, matambara, sukari, dizeli ya jenereta. Stoo nyingi za hapa mjini jenereta na klorini vinalala chumba kimoja. Vitenganisheni leo.

Na la basi: hapana. Unga wa klorini ni kemikali inayochochea moto, na ya maji ni babuzi. Kwenye buti la basi la abiria, pembeni ya mabegi na galoni za mafuta ya alizeti, hapana kabisa. Mwambie bosi anunue kwa muuzaji wa hapa aliyesajiliwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kama sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003 inavyotaka, au asafirishe kwa gari la mizigo la mtu anayejua anachobeba.

Kwa macho na mikono: miwani, glavu, na upepo uwe mgongoni kwako. Ikikuingia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka dakika 15 hadi 20, kisha hospitali. Usiweke siki wala maziwa.

#18 Kijana_wa_Ilazo

Asante sana mkuu, nimempigia bosi sasa hivi, amesitisha mzigo. Je, ndoo ambayo haina lebo naijuaje? Tumeikuta stoo, fundi aliyepita aliiacha.

#19 MwanaKemia

Kwa kuelewa tu, si kwa kuitumia: kijiko cha chai kikavu na kisafi, nje penye hewa, weka kwenye bilauri ya maji safi. Ukipata ukungu, mashapo meupe, na pH ikapanda juu sana, huenda ni kalsiamu. Ikiyeyuka yote ikawa angavu na pH ikabaki karibu na 6 au 7, huenda ni diklo. Lakini hiyo yako usiijaribu hivyo, maana ndoo iliyokaa bila lebo inaweza kuwa imechanganywa tayari. Usiichokonoe, usiipeleke jalalani, usiimwage chooni. Funga, iweke peke yake pakavu, na uulize ofisi ya Mkemia Mkuu jinsi ya kuiondoa kwa usalama.

#20 FundiPampu

Hapo kwa MwanaKemia naunga mkono asilimia mia. Narudi kwenye hoja yangu: kwa mteja wa Kondoa au Mpwapwa ambaye gari la klorini linafika mara moja kwa mwezi, bado unga ni mfalme. Fundi, unakubali au hukubali?

#21 FundiBwawa_Dom

Nakubali kwa mteja huyo. Wa mbali, asiye na muuzaji wa karibu, mwenye stoo kavu na yenye kivuli: unga wa kalsiamu. Ila afanye mambo mawili. Apime ugumu wa maji kila mwezi, ukikaribia 400 atumie vizuri kila bakwoshi (kuosha filta kwa kugeuza mkondo wa maji) kutoa maji na kujaza mengine, na kama anavuna maji ya mvua ya paa Desemba hadi Aprili basi hayo ndiyo ya kujazia, hayana chokaa. Pia pH aishike kati ya 7.2 na 7.6. Juu ya hapo chokaa inaganda na klorini inalala: kwenye 7.5 karibu nusu ya klorini ndiyo iliyo katika hali yenye makali, kwenye 8 inabaki robo au pungufu.

Na kama bwawa lake ni la plastiki au lina rangi ya buluu iliyopakwa, chenga zisitue chini zikiwa hazijayeyuka. Zinaacha mabaka meupe yasiyofutika. Huyo afadhali ya maji hata kama ni ghali.

#22 Mama_Lodge

Kaka, majibu yamekuja: stabilaiza 70. Klorini 1.5. pH 7.9.

#23 FundiBwawa_Dom

Hiyo inatibika dada, na huhitaji kumwaga maji mengi. Diklo ifungwe leo. Asubuhi asidi kidogo kidogo pampu ikizunguka hadi pH ifike 7.4. Jioni baada ya jua kuzama, klorini ya maji ipandishwe hadi karibu 28, hiyo ndiyo asilimia 40 ya stabilaiza yako. Mimina taratibu mbele ya mdomo wa maji yanayorudi bwawani, pampu ifanye kazi usiku kucha, sugua kuta. Funga bwawa kwa wageni, weka kamba na mtu wa kulinda. Alfajiri pima kabla jua halijatoka. Ikiwa imeshuka zaidi ya 1 usiku kucha, bado kuna uchafu inapambana nao, rudia jioni. Wageni waingie klorini ikirudi chini na kukaa karibu 5 au 6, na tundu la chini la bwawa ukiliona wazi ukiwa umesimama ukingoni.

Baada ya hapo shikilia 5 hadi 6 kila siku, na kila bakwoshi itashusha stabilaiza taratibu.

#24 Mama_Lodge

Nimekuelewa. Kumbikumbi wakianza mvua ya kwanza wanajaa kwenye taa za bwawa langu mpaka maji hayaonekani. Hapo nifanyeje?

#25 FundiBwawa_Dom

Zima taa za bwawa siku hizo, washa moja mbali nayo kwenye ukuta wa nje, watahamia huko. Waliokwishaanguka waopolewe kwa wavu kabla hujaweka klorini, maana kila mdudu anayebaki majini anakula klorini yako. Safisha kikapu cha skima usiku huo huo, usisubiri asubuhi. Kisha pima, na ongeza kilichopungua. Siku kama hiyo ndipo kopo la unga wa kalsiamu linapokuokoa kama dumu limekwisha: kilo moja, ndoo yake, glavu, na maji yatangulie.